Usiku wa 93: nifanyeje picha zangu za Lamu zibaki na giza lake?

MkateWaMofa (Langoni, Lamu)

Assalamu alaikum. Naomba msaada wa wenye kujua kamera, na pia wa wasiojua kamera lakini wanaijua bahari yetu.

Kazi yangu ni mikate ya mofa. Tangu nikiwa msichana, saa tisa ya usiku naijua kuliko saa tisa ya mchana, maana ndiyo saa ya kuwasha moto. Unga wa mtama naukanda baada ya isha, naufunika, unaumuka mimi nikiwa nimelala. Nikiamka natia kuni ndani ya mofa, lile tanuri la udongo, zinawaka mpaka zibaki makaa, kisha nabandika mikate kwa mkono kwenye ukuta wa ndani, mmoja mmoja. Watu wakitoka msikitini alfajiri wanaikuta kwenye sinia, imefunikwa kawa.

Dada yangu alipohamia Maskati aliniachia kamera yake, ile ya kubadilisha lenzi, yenye lenzi moja ya milimita 50 na tundu la 1.8. Ilikaa kabatini miezi. Usiku mmoja umeme ukakatika mji mzima, nami nikaona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukitazama: mwanga wa makaa ulitoka kwenye mdomo wa mofa, ukapanda ukutani, ukafika hadi kwenye boriti za dari, na kila boriti ikawa na upande mwekundu na upande mweusi. Nikaenda kuitoa kamera mikono ingali na unga. Picha haikutoka kitu, lakini nikajiwekea nadhiri: picha moja kila usiku kwa mwaka mzima, kati ya magharibi na alfajiri, na nisizibe pengo kwa picha ya zamani. Jana ulikuwa usiku wa 93, na mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama.

Shida yangu ni kwamba picha zinasema uongo. Uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu una balbu moja tu, iko juu ya daka la jirani, kile kibaraza cha mlangoni. Ukipita hapo usiku unaona kipande cha ukuta, ngazi mbili za mawe, baada ya hapo unakwenda kwa mazoea ya mguu. Kamera inanionyesha uchochoro wote mpaka mwisho, rangi ya chungwa, umejaa chenga, kama alasiri ya mawingu. Mtu akiiona hawezi kujua kwamba niliposimama pale punda alinipita na mimi nilimjua kwa kwato na pumzi tu. Nikijaribu kuipunguza mwanga kwa kubahatisha, inakuwa nyeusi tii na balbu inabaki tundu jeupe.

Ufukoni ni taabu nyingine. Zile taa nyeupe zinaungua kwenye picha, zinakuwa madoa. Nikiiacha kamera ipige kwa sekunde nyingi, vyombo vilivyotia nanga vinatoka kama vimepanguswa kwa kitambaa, milingoti mitatu mahali pa mmoja. Nimejaribu usiku kumi na moja tofauti. Mara mbili tu vyombo vilitulia, na sijui kwa nini vilitulia.

Halafu kuna ile rangi ya buluu ambayo wapiga picha wote wanaisifu, ya baada ya jua kuzama. Kwetu hiyo ndiyo magharibi yenyewe. Nikimaliza kuswali na kuvuta uradi, buluu imeshakwisha.

La mwisho linaniuma zaidi. Usiku wa 61 nilimpiga picha mama mmoja kwa nyuma, amevaa buibui, akipita chini ya ile balbu. Uso hauonekani hata chembe. Ilikuwa picha yangu bora kuliko zote. Nikaiweka kwenye simu, ikazunguka, na kabla ya adhuhuri mtaa wote ulikuwa umeshamtaja jina, kwa mwendo wake na kwa ncha ya leso iliyochungulia chini ya buibui. Mwenyewe alihuzunika. Nikaifuta kila mahali nilipoweza, nikaenda kumtaka radhi, akanipokea vizuri, lakini tangu siku hiyo sijapiga mtu. Na Lamu ya usiku bila watu ni nusu tu ya Lamu. Milango ya kuchongwa nimeshaipiga mpaka basi.

Nifanyeje?

TaaYaMalindi

Wa alaikumu salaam dada. Mimi napiga harusi na picha za paspoti huku Malindi, na nilishawahi kujifunga hivyo hivyo, mwaka mzima wa usiku pale jeti. Nadhiri uliyojiwekea naijua uzito wake.

Nianze na uongo wa kamera, kwa sababu ukilielewa hili, nusu ya maswali yako yamejibika. Kamera haijui kuwa ni usiku. Ikiachiwa ijiamulie, inapima mwanga wote ulio mbele yake na kuupeleka kwenye kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe wa chokaa saa sita mchana inaufanya kijivu. Ukiielekeza kwenye uchochoro wenye giza, nao inauvuta juu mpaka kijivu. Ndiyo ile alasiri ya mawingu unayoiona. Haikosei hesabu, inajibu swali ambalo wewe hukuliuliza.

Kwa hiyo iambie. Tafuta kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukipeleke kwenye kutoa 2. Piga, tazama. Bado panaonekana mahali ambapo jicho lako halikuona? Nenda kutoa 2 na nusu, hata 3. Kipimo changu mimi ni hiki: kabla sijatazama kioo cha kamera nasimama pale dakika tano nzima, macho yazoee, kisha najiuliza kitu cha mwisho ninachokiona kabla ya giza ni kipi. Kwako umeshataja mwenyewe, ngazi mbili za mawe. Basi ngazi ya pili ndiyo iwe mwisho wa picha, baada yake pawe peusi kweli. Weusi huo usiuonee huruma.

Ila piga faili ghafi (RAW), usipige ile iliyokwisha kupikwa na kamera (JPEG). Faili ghafi inahifadhi zaidi ya mwanga mkali na ya giza, kwa hiyo balbu iliyokaribia kuungua unaweza kuirudisha kidogo baadaye, na vilevile rangi. Rangi ya mwanga usiiachie kamera iamue. Ifunge mahali pamoja, mimi naweka Kelvin 4000. Hapo taa za ufukoni zinabaki na ubaridi wake, na moto wako unabaki moto. Kamera ikiamua yenyewe inaweza kuupoza wekundu wa makaa ikidhani ni kosa.

Taa za ufukoni: punguza tundu la lenzi, 8 au 11, maana namba ikikua tundu linapungua. Taa zitageuka nyota ndogo zenye ncha badala ya madoa. Simama mahali ambapo taa ya karibu imezibwa na kitu, nguzo, mti, au paa la kibanda, upate mwanga wake bila kuipata yenyewe. Hili la kuificha taa hakuna kifaa kinacholishinda. Kamera iwe kwenye miguu mitatu. Huna? Mfuko wa unga wa kilo mbili, uulaze kwenye ukingo wa ukuta, uizamishe kamera humo. Unga unao. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise, na kama lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime kamera ikishatulia. Fokasi iwe ya mkono: kuza picha kwenye kioo, lenga taa ya mbali ng'ambo, kisiwani Manda, zungusha mpaka iwe nukta.

Mofa sasa. Natamani ningekuwa karibu. Zima balbu zote. ISO 1600 (ndiyo wepesi wa kamera kushika mwanga), tundu la 2, kasi ya moja chini ya 60 ya sekunde, anzia hapo. Makaa usiyapime, yatakudanganya. Pima kile yanachokiangazia: shavu la anayepika, mkono, donge la unga. Makaa yenyewe yatakuwa meupe katikati na mekundu pembeni, yaache. Lenzi ya 50 inataka umbali wa karibu nusu mita ndipo ishike fokasi, usiisogeze karibu zaidi. Na moto ule utaiharibu.

Buluu ya magharibi: sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linazama wima, giza linaanguka haraka. Kwenu Lamu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini, kutegemea mwezi wa mwaka, na buluu nzuri ni kama robo saa hadi nusu saa baada yake. Swala kwanza. Weka kamera tayari juu ya dari kabla ya adhana, fokasi imekamilika, vipimo vimefungwa. Ukisha kutoa salamu una dakika kumi hivi za kupiga, na uradi utavutia pale pale kamera inapohesabu sekunde zake. Lakini wewe una utajiri ambao sisi wengine hatuna, uko macho alfajiri. Buluu ya pili inakuja baada ya swala ya alfajiri, inatokea upande wa Manda, mbele ya mji wenu hasa, na hapo una wasaa kuliko jioni, maana swala umeshaimaliza.

Jambo dogo la mwisho. Chumvi ikikaa kwenye lenzi usiifute kwa kitambaa kikavu, punje zake zinakwaruza kioo. Lowesha kitambaa kwa maji ya mvua kidogo, gusa taratibu, kisha kausha. Kamera ilale kwenye kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Bila hivyo kuvu itaota ndani ya lenzi kabla mwaka wako haujaisha.

Msafiri_Pate

Kwa nini taabu yote hii? Simu za siku hizi zina hali ya usiku. Unashika tu sekunde tatu, picha inatoka safi, haina chenga, na kila kitu kinaonekana.

TaaYaMalindi

Ndugu yangu, umelitaja tatizo lake. Simu inapiga picha nyingi mfululizo, inazipandanisha, kisha inazipandisha mwanga ili kila kitu kionekane. Yeye anataka mtu asione kila kitu. Kama ana simu hiyo aitumie, hakuna ubaya, ila aguse balbu kwenye kioo na ateremshe mwanga kwa kidole kabla ya kupiga.

Nahodha_wa_Mwao

Mwanangu wa Langoni, salaam. Kamera siijui. Lakini umesema vyombo vilitulia mara mbili na hujui kwa nini, na hilo mimi nalijua, nimelala juu ya maji hayo miaka mingi.

Usitazame saa ya ukutani, tazama tarehe ya Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ni bamvua, yaani hujaa sana na hukupwa sana. Kwetu bamvua hujaa alasiri, saa kumi hadi saa kumi na moja, na maji huwa yamekupwa kabisa saa nne au saa tano usiku. Kila siku yanachelewa kwa muda mfupi usiotimia saa. Ukihesabu hivyo, ikifika tarehe nane au tisa, na tena ishirini na mbili au tatu, ni maji mafu, na mambo yamegeuka: saa nne usiku maji yamejaa, na nguvu ya mkondo ni ndogo.

Sasa tazama usiku wako kumi na moja. Chombo kilicho kwenye nanga kinavutwa na mkondo, kinasukumwa na upepo, na maji yanapobadilika kinageuka chote, omo (mbele yake) ilipokuwa panakuja tezi (nyuma yake). Ukipiga maji yakiwa njiani, yanajaa au yanakupwa, hakitatulia hata ukiomba dua. Pana nyakati mbili kinatulia. Ya kwanza ni maji yanaposimama, yaani yamekwisha kujaa na hayajaanza kurudi. Katika bamvua kusimama huko ni kwa muda mfupi, katika maji mafu ni kurefu. Ya pili ni bamvua likikupwa, vile vyombo vya karibu na ukuta vinakaa topeni. Hapo hata upepo hauvitikisi, ila vinalala upande, na mlingoti unaoneka umeinama. Kwa macho yangu hiyo nayo ni picha, maana ndivyo chombo kinavyopumzika.

Mwezi umeandama juzi. Yeo ukitoka kabla ya saa tano utavikuta topeni. Kisha subiri tarehe tisa, uende saa nne na nusu, maji yatakuwa yamejaa hadi karibu na ngazi, na mwezi utakuwa umeshapita utosini, unashuka nyuma ya mji, unaviangazia vyombo ukiwa mgongoni kwako. Mwezi mpevu usiusubiri tarehe kumi na tano, utaupata umechomoza giza likiwa limeshaingia. Toka tarehe kumi na tatu na kumi na nne, utaukuta juu ya Manda mbingu ingali na mwanga.

Pia upepo. Kusi likiwa kali hakuna maji yatakayokusaidia. Tanga mbili ndiyo miezi yako, pale pepo zinapobadilishana na bahari inakuwa kama mafuta kwenye sinia. Wakati huo utapata taa za mui (mji) zimelala majini bila kukatika.

Ngazi za jeti usiziamini maji yakiwa yamekupwa, zina ukoga. Nenda na ndugu yako. Na vyombo vya doria na vituo vya askari usivielekezee kamera.

Nikwambie na hili. Baada ya yale mauaji ya Mpeketoni, hapa kaunti ya Lamu, mwaka 2014, tulikatazwa kuvua usiku. Tulikaa na kafyu, nyavu zikakaukia uani. Ukisimama ufukoni isha, mkondo wote kutoka hapa hadi Shela ulikuwa hauna hata kandili moja. Hakuna aliyeipiga picha ile, maana nani angetoka. Sasa taa za wavuvi zimerudi, nami nikiziona huwa nazihesabu. Ukipata usiku mmoja katika mwaka wako, zipige hizo, hata kama zitatoka nukta tu.

BintiShela

Dada, mimi nataka kulijibu lile la mama wa usiku wa 61, kwa sababu lilinipata mimi upande wa pili. Miaka michache nyuma mgeni alinipiga nikiwa nashuka kwenye boti hapa Shela, kwa nyuma vilevile, na picha hiyo nikaja kuiona imetundikwa ukutani kwenye nyumba ya kulala wageni. Uso hauonekani. Lakini mimi nilijiona, na mama yangu alinijua kabla sijasema neno.

Wapiga picha wanaambiana kivuli hakina jina. Hilo labda ni kweli kwenye miji mikubwa. Lamu mtu anajulikana kwa kikohozi. Kwa hiyo kanuni ya uso kuonekana au kutoonekana iache kabisa. Kanuni iwe ruhusa. Wewe si mgeni, na hilo linakufungulia mlango ambao yule mgeni hakuwa nao: kila mtu unayetaka kumpiga amekula mkate wako. Mwonyeshe picha kwanza kwenye kioo cha kamera, yeye aamue ibaki au ifutwe pale pale, mbele ya macho yake. Na mwulize swali la pili, ambalo watu hawaulizi: ibaki kwako tu, au iende kwa watu? Wengi watakubali la kwanza na kukataa la pili, na hiyo bado ni picha ya usiku huo, nadhiri yako imetimia.

Maulidi ya Mfungo Sita yakifika ndani ya mwaka wako, usiogope. Usiku ule karibu na msikiti wa Riyadha, watu wa goma na kirumbizi, zile ngoma za fimbo, wamejipamba ili watazamwe. Lakini upande wa wanawake uliza kwanza, hata kama wewe ni mwanamke mwenzao. Hasa kwa sababu wewe ni mwanamke mwenzao.

Na ndara zilizopangwa nje ya msikiti wakati wa isha je? Watu mia, hakuna hata mmoja aliyepigwa.

MkateWaMofa

Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa nayafanya mliyoniambia. Leo ni usiku wa 102 na makaa bado hayajawa tayari, basi nawaandikia.

TaaYaMalindi, nilisimama kwenye uchochoro dakika tano bila kufanya kitu. Zilikuwa ndefu. Dakika ya tatu nikagundua kwamba ngazi si mbili, ni tatu, ya tatu ina ukingo tu, kwa sababu mguu wa watu umeulainisha na ukingo huo unashika mwanga kidogo. Nimeishi hapa umri wangu wote na sikuwahi kuliona. Kutoa 2 na nusu. Ngazi mbili, ukingo wa tatu, kisha peusi. Niliiweka karibu na ile ya zamani, mama yangu akazitazama zote mbili, akaiwekea kidole hii mpya akasema, hapa ndipo nilipoteleza mwaka ule.

Baba nahodha, shikamoo. Usiku ule ule ulioniandikia nilitoka na kaka yangu, ikiwa saa nne na nusu, nikavikuta topeni kama ulivyosema. Nilipiga mashua moja iliyolala ubavu, sekunde kumi na tano, haikutikisika hata kamba. Halafu jana, tarehe tisa, usiku wa 101. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya nne kutoka juu. Nikaulaza mfuko wa unga kwenye ukuta, tundu la 8, ISO 200, sekunde kumi. Taa ya karibu niliificha nyuma ya nguzo. Vyombo saba kwenye picha, sita milingoti yake imesimama kama mistari ya wino, na mwezi pamoja na taa za ufukoni, vyote mgongoni kwangu, vimezipaka mbavu zao rangi ya maziwa. Chombo cha saba mlingoti wake ni ukungu. Nikadhani nimekosea, nikapiga tena, ukungu tena. Kaka yangu akasikiliza, akaniambia mle ndani kuna mtu amelala na anajigeuzageuza. Tukasubiri. Mara ya tatu na huo nao ulitulia, lakini nimeiweka ile ya kwanza, yenye mtu asiyepata usingizi.

Taa za wavuvi nimeziona pia, upande wa Shela, sita. Lenzi yangu haiwezi kuzileta karibu. Nimezipiga hivyo hivyo, nukta sita chini ya giza kubwa, na hiyo ndiyo picha ya usiku wa 98. Nitazirudia tanga mbili ikifika, inshallah.

BintiShela, maneno yako niliyasoma mara nyingi. Nilimwendea yule mama. Nilikwenda na mikate, na kamera nikaiacha nyumbani makusudi, nikamweleza nadhiri yangu tangu mwanzo, makaa, dada yangu, hesabu ya usiku. Alinisikiliza, akauliza, kwa hiyo kila usiku unatafuta kitu? Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema basi njoo kwangu saa tisa na nusu, mimi pia niko macho.

Sikujua. Jirani yangu wa miaka yote hiyo, kumbe anaamka saa ile ile, anaswali, kisha anakaa darini na tasbihi mpaka alfajiri, na kutoka pale anauona mwanga wa mofa yangu ukipanda juu ya ukuta wa uani. Aliniambia siku nisipowasha, kama vile sikukuu, usiku wake huwa mrefu.

Kwa hiyo usiku wa 100 sikupiga kwangu. Nilimwachia binti yangu moto, nikapanda kwa jirani, nikaielekeza kamera kwenye nyumba yetu. Picha ina giza karibu yote. Chini, kushoto, kuna mstari wa ukuta, na juu ya ukuta kuna wekundu kidogo, kama mtu anapumua ndani ya udongo. Pembeni mwake, karibu na lenzi mpaka haikushika fokasi, kuna mkono na tasbihi. Nilimwonyesha kwenye kioo. Nikauliza maswali yote mawili. La kwanza alisema ibaki. La pili alisema, mkono ni wangu na watu watanijua, basi wanijue.

TaaYaMalindi, nina swali moja jipya. Shavu la binti yangu linatoka vizuri kwenye mwanga wa makaa, lakini mkono unapoingia kubandika mkate unakuwa mwepesi kuliko moja chini ya 60, unatoka kama moshi. Nikipanda hadi moja chini ya 200, ISO inafika 6400 na chenga zinarudi kwenye ukuta. Je, niukubali mkono uwe moshi, au nimwombe asimame kidogo na donge mkononi? Nisingependa kumsimamisha, kwa sababu mofa ikishashika joto mkate hausubiri.

Makaa yamekuwa. Naenda.